Kijana anayekwenda kwenye usaili afundishwe kufungua gunia

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme na vijana wetu wanaotafuta kazi, niseme na wazee wao, na nina neno pia kwa wale wanaowaita kwenye usaili. Mimi ni mama wa miaka 61, mzaliwa na mkaazi wa Limbani, Wete, Pemba. Nilifanya kazi za hoteli Unguja kwa miaka 22, pwani ya mashariki. Nilianzia kwenye ufuaji, nikamalizia kuwa msimamizi wa vyumba. Miaka tisa ya mwisho, kila walipotakiwa wahudumu wapya, nilikuwa mmoja wa wanaokaa nyuma ya meza na kuuliza. Sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani.

Kilichonishikisha kalamu ni binti wa kaka yangu. Mwezi uliopita aliitwa Unguja kwenye usaili wa kazi ya msaidizi wa stoo katika hoteli moja ya huko. Akaenda, siku ya tatu akarudi. Alipoingia uani nilikuwa napeta mchele. Akaniamkia, akakaa kwenye kibaraza, mkoba hajautua begani. Nilimwacha anywe maji kwanza.

"Wamesema watanipigia," akaniambia.

Nilijua maana yake, kwani na mimi nimewaambia wengi maneno hayo hayo. Nikamuuliza walianza na swali gani.

"Walisema, hebu tueleze kuhusu wewe."

"Ukawaeleza nini?"

"Jina langu. Kwetu Wete. Nimemaliza kidato cha nne 2021."

"Na baada ya hapo?"

"Basi, Shangazi. Niseme nini tena? Ningekuwa najisifu."

Mhariri, jibu lile lilinikaa moyoni siku nzima. Mtoto huyu si mjinga na si mvivu. Amekosa kazi kwa adabu, tena adabu tuliyomlea nayo sisi wenyewe. Kwetu mtoto akikaa mbele ya wakubwa huinamisha macho, hujibu alichoulizwa, kisha hunyamaza. Akisema "mimi najua hiki, mimi hodari wa kile", huambiwa ana kiherehere. Tumewakuza kwa methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni malezi mazuri, wala siombi yaondoke. Lakini methali ile ni ya sokoni, na sokoni bidhaa iko wazi mbele ya mnunuzi: anaiona, anaishika, anainusa. Kwenye chumba cha usaili wamekaa watu watatu ambao hawakujui, hawajui kwenu, hawajawahi kula ulichopika wala kulala kwenye kitanda ulichotandika. Wana dakika ishirini tu na wewe, na nje kuna wenzako kumi na tano kwenye foleni.

Sisi wa Pemba tuna mfano ulio karibu zaidi. Mkulima anapopeleka karafuu zake kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, hasimami pale kuziimbia karafuu zake. Lakini hamkuti karani akamwachia gunia lililoshonwa mdomo akaondoka. Analifungua. Karani anatia mkono mpaka ndani, anatoa konzi ya karafuu, anatazama rangi, anatazama ukavu, anatazama kama yamesalia makonyo, vile vijiti vya karafuu. Ndipo anapotaja daraja. Hakuna anayemwambia mkulima yule kwamba anajisifu kwa sababu amefungua gunia lake. Mtoto wa kaka yangu alivuka bahari na gunia zuri, akarudi nalo halijafunguliwa.

Na ndani mlikuwa na nini? Babu yake ana shamba la mikarafuu Mtambwe. Kwa misimu mitatu binti huyu ndiye aliyeshika daftari. Jioni wachumaji wanakuja na karafuu mbichi, yeye anapima, anaandika jina na kilo, na siku ya malipo analipa. Msimu wa kwanza magomvi hayakwisha: mchumaji anasema jana nilileta kilo kumi na nne, daftari linasema kumi na moja. Binti akabuni njia yake. Akawa hapimi mpaka mchumaji mwenyewe asimame autazame mshale wa mizani. Kisha anaandika mara mbili, daftarini na kwenye kikaratasi, na kikaratasi mchumaji anaondoka nacho. Siku ya malipo kila mtu analeta vikaratasi vyake, vinajumlishwa, vikilingana na daftari pesa inatoka. Msimu wa pili magomvi yakakoma.

Sasa niambie, Mhariri, msaidizi wa stoo anafanya nini kama si hayo? Anapokea vitu, anavipima au kuvihesabu, anaandika, anatoa kwa karatasi, na mwisho wa mwezi hesabu inalingana. Mtoto huyu ameifanya kazi hiyo tangu ana miaka kumi na sita, na wasaili hawakupata kulijua hilo. Hata yeye hakujua kwamba ilikuwa kazi. Kwake ni "kumsaidia babu".

Nimelisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinipata na mimi. Usaili wangu wa kwanza ulikuwa mwaka 1999, katika hoteli nisiyotaka kuitaja. Wakati huo nilikuwa nimeshafua na kupiga pasi nguo za watu kwa miaka sita, kanzu za Ijumaa na mashuka ya harusi, kwa pasi ya makaa, na sijawahi kuunguza hata moja. Nikaulizwa: "Unajua nini?" Nikajibu kwa unyenyekevu: "Sijui kitu, lakini nitajifunza." Wakanishukuru. Nilipotoka, mama mmoja wa Makunduchi aliyekuwa anafanya kazi pale akaniuliza imekuwaje, nikamsimulia. Akaniambia: "Umewaambia hujui, wakakuamini." Sijapata kulisahau neno lile. Mwaka uliofuata nilipoitwa kwingine nilieleza habari ya pasi ya makaa na kanzu, nikaajiriwa siku ile ile.

Basi nikamwambia binti, kuanzia kesho baada ya sala ya alasiri tunakaa barazani, mimi ndiye hoteli, wewe ndiye uliyeitwa. Napenda wasomaji wajue tulivyofanya, kwa sababu kujiandaa kwa usaili wengi wanadhani ni kupiga pasi nguo na kuomba dua. Dua iwepo na nguo ipigwe pasi, lakini kinachoandaliwa hasa ni ulimi.

Siku ya kwanza nikamuuliza lile lile swali, tena kwa Kiswahili. Akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, akacheka, akasema anaona haya. Siku ya pili akaanza kueleza habari ya shamba, lakini akasema hivi: "Kulikuwa kunaandikwa kilo, halafu wachumaji wanapewa vikaratasi." Nikamuuliza, nani alikuwa anaandika? "Tulikuwa tunaandika." Wewe na nani? Akafikiri. "Mimi peke yangu." Basi sema mimi.

Hapa ndipo pagumu kwa vijana wetu, na nimeliona kwa mamia niliowauliza. Tumezoea kujificha nyuma ya "sisi" na nyuma ya "ilifanyika". Mtu anaeleza kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe kana kwamba ilijifanya. Kiswahili chetu kina njia nzuri ya kusimulia, ile tunayoitumia kila siku tukipeana habari za sokoni: nilikwenda, nikaona, nikasema, nikarudi. Nikamwambia binti, nisimulie kama unavyonisimulia habari za harusi. Akavuta pumzi, akasema: "Wachumaji walikuwa wakigombana kwa ajili ya kilo. Nikamwambia babu kila mtu atazame mizani mwenyewe. Nikaandika mara mbili, nikawapa vikaratasi, na msimu uliofuata hapakuwa na ugomvi." Sentensi tatu. Hamna "mimi hodari" wala "mimi bora". Kuna jambo lililotokea, kuna alilolifanya, kuna lililofuata. Nikaona hata mabega yake yameshuka, amekaa vizuri.

Tulirudia jibu hilo siku tano, na mengine mawili. Moja la siku mashine ya kukunia nazi ilipoharibika katika shughuli ya jamaa naye akapanga wasichana wanane na mbuzi za kukunia, chakula kikatoka kwa wakati. Jingine la siku alipokosea hesabu, akaligundua kosa kesho yake, akamfuata mchumaji mpaka kwake Kiuyu kumpa shilingi elfu tatu zake. Hili la mwisho hakutaka kulisema kabisa, aliliona ni aibu. Mimi nasema hilo ndilo la kwanza ningetaka kulisikia kama ningekuwa nyuma ya meza. Watu wa stoo wanaoficha makosa nimewaona, na hasara yao nimeiona.

Baada ya Kiswahili kukaa sawa ndipo tukaenda kwenye Kiingereza, kwa msaada wa kijana jirani aliyesoma chuo cha utalii Maruhubi. Wengi wanaanza kinyume: wanakariri Kiingereza cha mahojiano kutoka kwenye simu, maneno makubwa, na habari yenyewe hawana. Nilipokuwa nasaili, kuna msimu ambao watu saba kati ya kumi na wawili waliniambia udhaifu wao ni kupenda kazi kupita kiasi. Maneno ni yale yale, wote wameyasoma mahali pamoja. Nilikuwa namwambia mtu, nipe mfano wa siku moja ilipotokea hivyo. Hapo kimya. Mwenye habari yake ya kweli hata akivunja Kiingereza anaeleweka, na meneja mgeni naye mara nyingi Kiingereza si lugha yake ya kuzaliwa. Kiwengwa nimefanya kazi na Waitaliano ambao tulielewana kwa maneno mia mbili na mikono. Lakini maneno hayo mia mbili uwe nayo kweli: majina ya vitu vya kazi yako, namba, saa, salamu, na "sijaelewa, tafadhali rudia". Kuomba swali lirudiwe si kosa. Kosa ni kujibu usiloulizwa.

Niseme na jingine la uongo. Kufungua gunia si kulijaza mchanga. Kijana mmoja alituandikia kwamba amefanya kazi ya vyumba miaka miwili. Tukampeleka chumbani, tukampa mashuka. Akageuza shuka mara nne asijue upande upi mrefu. Tulimhurumia, lakini hatukuweza kumchukua, maana tusingejua tena lipi lake la kweli. Siku ile ile aliingia msichana wa Matemwe ambaye hakuwa ameandika chochote kuhusu hoteli, ila alituambia ndiye anayewatandikia wagonjwa wawili kwao. Akatandika shuka la chini, akavuta, akakunja pembe kama bahasha, akachomeka. Alipolikunjua shuka la juu akasita, akalinyanyua mbele ya dirisha, akasema: "Hili lina doa, nipatieni jingine." Doa lenyewe lilikuwa kama punje ya mtama. Sisi watatu nyuma ya meza hatukuwa tumeliona. Yeye gunia alilifungua kwa mikono, hakuwa na haja ya maneno mengi. Nilipostaafu nilimwacha kwenye nafasi yangu.

Kwa hiyo kijana aulize mapema, kwa adabu, kwa yule aliyempigia simu: je, kutakuwa na usaili wa vitendo? Hakuna ubaya kuuliza. Mpishi ajue kama atapika, achukue aproni yake. Mhudumu wa mezani ajizoeze kubeba sahani tatu nyumbani, za plastiki kwanza.

Kwa kazi za serikali utaratibu ni mwingine kidogo. Nafasi zinatangazwa na Tume ya Utumishi Serikalini, maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa ZanAjira, na mtu anaweza kukutana na usaili wa kuandika kabla ya ule wa ana kwa ana. Lakini dawa yake ni ile ile. Tangazo la kazi lina sehemu ya majukumu. Lichukue, chini ya kila jukumu andika kwa mkono wako jambo moja ulilolifanya linalofanana nalo, hata kama ulilifanya skuli, madrasa, kwenye kikundi cha mwani au kwa babu. Jukumu usilolipatia jambo, hilo ndilo la kwenda kusoma au kuuliza. Nimewafanyia hivyo vijana wanne hapa Limbani, na wote wameniambia tangazo walikuwa wamelisoma mara moja tu, siku ya kuomba.

Sasa vyeti. Nawaomba wazee mnisikilize hapa, maana hili linaanzia kwetu. Mtoto anaandikishwa cheti cha kuzaliwa kwa jina la Khamis, skuli mwalimu anaandika Hamisi, cheti cha kidato cha nne kinatoka hivyo hivyo, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina Khamis. Msichana ni Fatma huku, Fatuma kule. Siku ya usaili anaulizwa: huyu ni wewe? Ndiyo, ni mimi. Utathibitishaje? Hapo jasho linamtoka, na maswali yote yaliyobaki anayajibu akiwa na hofu. Kurekebisha jina au kula kiapo mbele ya wakili kunataka siku na kunataka pesa, hakufanyiki asubuhi ya usaili. Fungueni makabati leo, mpange vyeti vyote juu ya mkeka, msome majina herufi kwa herufi, yote matatu, na tarehe za kuzaliwa. Kama kinatakiwa cheti halisi, apeleke halisi na kivuli chake. Barua ya sheha ifuatwe mapema, kwani sheha naye ni binadamu, ana misiba na safari.

Nakuja kwenye bahari. Binti yetu alipigiwa simu Jumatatu saa tisa alasiri: usaili kesho, saa nne asubuhi. Yuko Wete. Ilikuwa wakati wa kusi. Kwa bahati usiku ule kulikuwa na meli. Akapanda gari ya 606 mpaka Chake, akabadilisha akapanda ya 603 mpaka Mkoani, akakaa bandarini mpaka usiku. Kule kwenye mkondo wa Nungwi bahari ilimtikisa, alitapika mpaka hana cha kutapika. Alfajiri akashuka Malindi, Unguja mjini, akanawa uso, akabadilisha buibui chooni bandarini, akaenda moja kwa moja kutafuta gari ya shamba. Alipoingia kwenye chumba kile alikuwa hajala tangu chakula cha mchana cha jana. Ndipo akaambiwa, hebu tueleze kuhusu wewe.

Sitaji hoteli yoyote na simlaumu mtu mmoja. Nawaomba waajiri wote wa Unguja wanaotaka vijana wa Pemba. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki saba, na kazi nyingi za wageni hao ziko upande wa Unguja. Hoteli za Pemba ni za kuhesabu kwa vidole. Vijana wetu watavuka tu, hawana budi. Basi muwape siku tano tangu simu mpaka usaili. Waambieni kwenye simu hiyo hiyo kama kuna usaili wa vitendo, vyeti gani vinatakiwa, na nani wamuulizie langoni. Na kama mnataka watu zaidi ya kumi kutoka kwetu, mlete wasaili wawili Chake Chake siku moja. Nauli ya watu wawili ni ndogo kuliko ya kumi, na mtawaona vijana wakiwa wamelala na wamekula. Mwajiri anayemsaili mtu aliyetoka kutapika usiku kucha hajui amekataa nini.

Kwa kijana nasema, ukipata nafasi vuka siku mbili kabla. Kila mtu wa Pemba ana ndugu Unguja, awe wa Kwamtipura au wa Fuoni, na ndugu hao wajue kwamba kumpokea mtu wa usaili ni sadaka. Siku moja kabla nenda mpaka penyewe. Mjini hadi pwani ya mashariki ni kilomita 50 hivi, ujue gari linachukua muda gani na linakuacha wapi. Ukifika langoni msalimie mlinzi, muulize habari za hapo: vyumba vingapi, wageni wengi wanatoka wapi, wafanyakazi wanalala wapi. Mlinzi anajua mengi. Kesho yake ukiulizwa "unajua nini kuhusu hoteli yetu" utakuwa na la kujibu ulilolipata kwa miguu yako.

Kuhusu macho na mkono. Msichana wa Kiislamu asiyepeana mkono na mwanamume aanze yeye salamu, kwa sauti inayosikika, mkono wa kulia kifuani, na uso mkunjufu. Nimeona mameneja wa kila nchi wakiipokea salamu hiyo kwa heshima. Kinachowachanganya ni mtu anayesita, mkono nusu njia, uso chini. Macho nayo, huna haja ya kumkodolea mtu mzima. Mtazame anapokuuliza ili ajue umemsikia, jibu lako litoe ukimtazama, katikati ukitaka kufikiri tazama meza. Binti tulimfundisha hivyo kwa siku mbili, mimi nikikaa kwenye kiti kirefu na yeye kwenye kigoda, na heshima yake haikupungua hata chembe.

Mshahara ukiulizwa, ujue kabla kima cha chini kilichotangazwa na serikali kwa kazi hiyo, na uulize chakula, malazi na usafiri vikoje. Ukiambiwa utume pesa kwanza ya fomu au ya sare ili uitwe kwenye usaili, usitume. Hao si waajiri.

Jambo langu la mwisho ni kwa wastaafu wenzangu. Tuko wengi katika visiwa hivi: makarani, walimu, manesi, wapishi wakubwa wa hoteli, madereva wa wizara. Tumesailiwa, wengine tumesaili. Jioni tunakaa barazani tunapiga soga. Kijana wa jirani akiitwa kwenye usaili, mwiteni muulizeni lile swali la kwanza, tueleze kuhusu wewe, na msimwachie ainuke mpaka aseme "nika". Hapa kwangu Limbani tunafanya hivyo Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri. Wiki iliyopita walikuja sita, mmoja ametoka Micheweni.

Binti yetu ameitwa tena, mahali pengine, kazi ya stoo vile vile. Safari hii wamempa siku tisa. Usaili ni Jumatatu, yeye anavuka Ijumaa kwa boti ya mchana. Vyeti vimo ndani ya bahasha, majina yote matatu yanafanana. Na daftari la karafuu la msimu wa pili amemwomba babu yake, anakwenda nalo.

Wako,
Mama mstaafu wa hoteli,
Limbani, Wete,
Pemba.